Nilimwangusha Mfalme kwa Sababu ya Heshima

Sina sababu ya kuficha, maana watu wa South Beach, hapa Durban, walishaisikia habari hii na kila mmoja anaongeza chumvi yake: ndiyo, ni mimi niliyemwangusha mfalme ndani ya beseni la matofaa mbele ya watu, nikiwa nimevaa soksi za kubana mpaka kiunoni.

Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia la huku Afrika Kusini. Nilikuwa nalinda magari ya watu ufukweni (shule niliiacha darasa la sita huko Kigoma, tangu hapo nimebadilisha kazi kuliko mashati) na nilikuwa nalala sebuleni kwa Papa Kasongo, Mkongo mwenye saluni. Papa ana kitambi na ndevu nyeupe, ndiyo maana watu wa maonyesho ya Ulaya ya kale, yale ya mapanga na mahema kwenye uwanja mmoja wa Morningside, walimfanya mfalme. Nilivyo mdadisi, nikamganda mpaka akaniombea nafasi ya askari anayemwasi mfalme, akanionya kwamba jina lake ndilo nimelibeba.

Aliyetufundisha kupigana alikuwa Anti Devi, mama wa Kihindi wa mtaa wa Chatsworth. Sheria yake ilikuwa moja: kabla ya kila pigo mtazame mwenzako machoni, naye akikutazama, piga, akitazama pembeni, ngoja, hayuko tayari. Mapigo ni matatu, mfalme anayakinga kwa ngao, kisha mimi nakufa. Basi.

Sasa mimi kumkodolea macho mzee ninayemwamkia shikamoo kila asubuhi na kula ugali wake, siwezi, nimelelewa hivyo, shingo yenyewe inagoma. Nikaamua kitu kidogo tu: nitatazama taji. Kwa mbali inaonekana ni yaleyale, Anti Devi hakugundua. Papa aligundua.

"We mwana, unatafuta nini kule juu? Mi niko huku."

Nikamwambia ndiyo kwanza nazoea.

Jumamosi ya majaribio familia zilialikwa kutazama, na nikifanya vizuri napata kazi ya msimu mzima. Jua lilikuwa kali, Papa kavaa joho la velveti (pazia, kusema kweli), mimi fulana iliyofumwa kwa kamba na kupakwa rangi ya fedha. Pigo la kwanza sawa. La pili sawa, watu wakapiga makofi. Kabla ya la tatu jasho likamwingia Papa jichoni, akatupa macho pembeni na kushusha ngao ajipanguse. Taji lenyewe lilitulia palepale likimeremeta, kwa hiyo nikapiga.

Upanga wa mbao ukamkuta begani. Akaenda kinyumenyume, akakalia beseni ambamo watoto walikuwa wakiokota matofaa kwa meno, maji yakaruka, matofaa yakabiringika hadi miguuni kwa mama zao. Mwasi wa kweli angeshangilia. Mimi niliutupa upanga, nikapiga magoti na kusema, "Shikamoo Papa, nisamehe," na hapo zile soksi zikapasuka nyuma, kwa sauti. Watu wakafikiri ndiyo mchezo wenyewe, wakasimama kushangilia.

Papa, kiuno majini, akajibu taratibu: "Marahaba. Sasa nisimamishe, halafu ujifunike huko nyuma."

Anti Devi hakugomba. Alinivuta nyuma ya hema akanieleza kwamba watu wamefurahi sana, lakini upanga sishiki tena, kwa sababu asiyetazama macho ya mwenzake ataumiza mtu. Nafasi yangu akapewa Mrundi mmoja fundi simu, kijana anayewakodolea macho hata polisi. Mimi msimu mzima nikawa mfungwa: shingo na mikono kwenye matundu ya ubao, watu wananirushia sponji zilizolowa maji.

Siku ya kufungua, wa kwanza kwenye foleni alikuwa mfalme mwenyewe. Alichukua sponji tatu, na Papa si mtu wa kukosa shabaha. Kazi yoyote Durban nitafanya, lakini nimeapa kutopigana tena, hata kwa mchezo, na mtu ninayelala kwake, maana jioni mnarudi nyumba ileile.