Vijiti vya Mihogo Nilivyompelekea Mama Mkwe

Mwanangu, iko siku moja mama mkwe wangu alinishika mkono, na mpaka leo nikiikumbuka mwili hunisisimka. Si unajua kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono? Husalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni.

Nilikuwa nimeoa karibuni. Mama huyo, mjane aliyekaa kijiji cha Mautuma, alimtuma mke wangu aniombe vijiti vya mihogo vya kupanda shamba lake lote, kwa kuwa mahindi yalikuwa yamemkataa. Kichwa kikanivimba! Nikakata vijiti hapa Malinya, nikafunga mafurushi mawili, nikapeleka. Nilichokiona nikichimba sikukisema. Mihogo kadhaa ilikuwa na madoa ya kahawia ndani, makavu. Bwana shamba alikuwa ametuonya sokoni kwamba madoa hayo huletwa na virusi, kwamba majani yanaweza kupendeza huku muhogo unaoza ardhini, na kwamba kijiti hubeba ugonjwa hadi shamba jipya. Lakini mkwe mpya atasemaje shamba lake linaumwa? Niliona aibu, nikanyamaza.

Mwaka uliofuata tuliitwa kuvuna. Mashina yalikuwa yamenipita urefu, nami nikatembea kwa maringo. Mama akang'oa shina la kwanza, akapasua muhogo kwa panga. Kahawia tupu. La pili, kahawia. Hadi la kumi, kahawia, mwanangu, nami sikudhani ingekuwa yote! Akanijia moja kwa moja, akanishika mkono, akaniwekea kipande kiganjani.

"Hii hata nguruwe haiwezi kula," akasema. "Baba, ulijua?"

"Nilijua, mama."

Hakunifokea. Akauliza tu, "Sasa hawa watoto nitakuwa nawapikianga nini?"

Watoto wenyewe walikuwa wamesimama pale na vikapu vyao. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo ukiombwa mbegu, mwanangu, chimba kwanza, upasue, uangalie. Ukikuta doa, usitoe hata kijiti kimoja. Ng'oa, choma, halafu sema wazi kwamba shamba lako linaumwa, hata kama anayeomba ni mkwe. Mimi nililinda jina langu, na watoto wa mjane wakalala njaa.

Mungu abariki shamba lako, na kila atakayepanda kilichotoka kwako, avune na ashibe.