Moshi wa Majani ya Viazi

Sweta langu la kijani linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, na linanuka moshi. Tangu nirudi kutoka Molo wiki iliyopita, binti yangu amelitolea macho mara kadhaa. Anataka kulitia kwenye beseni pamoja na nguo nyingine, nami namwambia aliache kwanza. Kabla hujamwunga mkono, rafiki yangu, kaa kidogo nikueleze, maana harufu hiyo na mimi tumetoka mbali.

Nililelewa na shosho, nyanya yangu, kwenye shamba la viazi huko juu Molo, mahali ambapo asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi, na mtoto hujifunza kukamua mapema kwa sababu kiwele cha ng'ombe ndicho kitu cha kwanza chenye joto anachoweza kukishika. Tulikuwa wawili, mimi na kaka yangu. Tulichuma maua ya pareto mpaka vidole vikawa na harufu yake hata baada ya kunawa. Wakati wa mavuno tulichagua viazi: vikubwa vya kuuza, vya wastani vya mbegu, na vile vidogo kama gololi vikawa vyetu.

Hivyo vidogo ndivyo vilivyokuwa sherehe yetu. Majani na mashina makavu yalirundikwa katikati ya shamba na kuwashwa moto, nasi tukafukia viazi kwenye majivu. Ule moshi mweupe ulitembea chinichini, kama mtu anayetafuta sarafu iliyomwanguka. Shosho alikuja na chumvi aliyoifunga kwenye pindo la leso. Tulikula na maganda yake. Kaka alijichora masharubu kwa masizi, akawa chifu, akaanza kutufokea: "Nani amewasha moto bila ruhusa yangu?" Shosho naye alimwinamia, "Tusamehe mkubwa, onja basi hiki kimoja."

Tulikuwa pia na mbwa, Jimi. Alipokuwa mdogo, mtungi wa bati wa maziwa ulianguka kutoka kwenye pikapu ya mzee aliyekuwa akikusanya maziwa, ukabingirika, ukamgonga. Tangu siku hiyo Jimi hakuweza kuusikia mlio wa mtungi bila kupandwa na wazimu. Hata kaka akigonga sufuria kwa kijiko, Jimi alibweka mpaka sauti ikamkauka. Mzee wa maziwa alizoea kusema, "Mama, huyu mbwa wako ananidai nini mimi?"

Majirani walimshauri shosho amchape. Alikataa. "Nikimpiga," alisema, "nitakuwa nimemhakikishia kwamba kuna hatari." Badala yake alimwomba yule mzee asimamishe pikapu mbali, kule kwenye lango, na kumwekea Jimi maziwa kidogo kwenye kifuniko cha mtungi. Kesho yake mzee alisogea karibu kidogo. Akiona masikio ya mbwa yamesimama, anarudi nyuma, anangoja. Ilichukua msimu mzima wa viazi. Mwishowe Jimi alikuwa akilala chini ya pikapu hiyohiyo, kichwa kwenye kivuli cha gurudumu, mitungi ikigongana juu yake.

Kisha ukaja mwaka wa vurugu. Nilikuwa bado mdogo, na sitakuchosha kwa mambo ambayo watu wazima wenyewe hawakuyaelewa. Nakumbuka hivi tu: jioni moja nilisikia harufu ya moshi, nikafurahi, nikakimbilia shambani nikiwa na viazi kwenye mifuko ya sweta. Shambani hapakuwa na moto. Moshi ulikuwa ukitoka upande wa nyumba za majirani, nao ulikuwa mweusi.

Aliyekuja kututoa ni mzee wa maziwa, mtu wa kabila jingine, ambaye kwa hesabu za siku zile hakupaswa kutujali. Alituficha katikati ya mitungi, akatufunika kwa turubai, akamnyanyua Jimi mwenyewe na kumlaza miguuni petu. Tulipita katikati ya kundi la watu barabarani, mitungi ikipiga kelele kama kengele za kanisa, na Jimi hakubweka hata mara moja. Tuliteremka mpaka Nakuru, na nyumba yetu hatukuiona tena.

Nakuru tulikodi chumba kimoja, na usinionee huruma, kwa sababu tulicheka sana humo ndani. Shosho alianza kuuza uji sokoni, kaka akawa bingwa wa gololi wa mtaa mzima. Ila mimi nilianza kulala na viatu. Jirani akiwasha jiko la makaa, tumbo liliniuma. Watu wazima walisema watoto husahau haraka, na kwa kuwa nilikuwa nafanya vizuri shuleni, hakuna aliyeuliza zaidi. Nilikua, nikawa mwalimu, nikaacha kulala na viatu. Nilidhani mambo yameisha.

Hayakuwa yameisha, yalikuwa yamehamia ndani. Nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa bado wanacheza mpira wa mikono, mimi nilikuwa na presha. Usingizi ulikatika ovyo, kichwa kiliuma, mabega yalikaa juu kana kwamba nimebeba ndoo mbili. Nilipunguza chumvi, nikapunguza chai. Dawa zilisaidia, lakini si vya kutosha. Ndipo daktari mmoja kijana, badala ya kuniuliza nimekula nini, akaniuliza, "Mwalimu, ulipokuwa mtoto, kuna kitu kilikutisha sana?"

"Daktari, hiyo ni zamani. Mimi nimekuja na presha."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Akanieleza polepole, nami nakueleza vivyo hivyo kwa sababu huenda ukawa na ndugu anayehitaji kuyasikia. Mtoto akitishwa sana, mwili wake unajifunza kukaa macho: moyo unakimbia, misuli inakaza, ili aweze kutoroka. Hilo ni jambo jema, ndilo lililotuokoa. Shida ni pale hatari inapopita na mwili usiambiwe. Unaendelea kulinda lango miaka na miaka, na kazi ya ulinzi inauchosha moyo, tumbo na usingizi. Si kila mwenye presha ana kisa kama changu, alisema, wala si kila mtoto aliyetishwa atakuja kuugua. Lakini ukiwa na kisa, afadhali kijulikane. Akaniambia niendelee na dawa, akanielekeza kwa mshauri.

Nilitoka pale nikicheka peke yangu. Kumbe mimi ni Jimi! Na miaka yote hiyo nilikuwa najichapa ili ninyamaze.

Mwaka huu kaka, ambaye alirudi Molo zamani na kulima tena shamba letu, alinipigia simu. "Tunavuna. Leta mtoto wako ajue viazi havitoki supamaketi." Kila mwaka nilikuwa nikitafuta sababu ya kutokwenda, na binti yangu amefika darasa la saba bila kuona moto wa shamba. Nilijua nikikataa tena, woga wangu utakuwa urithi wake. Tukaenda.

Siku ya kwanza walipowasha moto nilisimama langoni. Moyo ulienda mbio. Kaka alinipigia kelele kutoka shambani, "Mwalimu! Unaogopa majani ya viazi?"

"Naogopa," nilimjibu. "Niache nizoee."

Alikuja akasimama kando yangu. Kisha akasema, "Unajua mimi siwezi kukaa mahali nikiupa mlango mgongo? Hata kanisani. Mke wangu hudhani ni maringo."

"Wewe nawe! Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

Tulicheka mpaka binti yangu akauliza kuna nini. Siku ya pili nilisogea mpaka uani. Masikio yangu yaliposimama nilirudi nyuma, nikapumua, nikangoja. Siku ya tatu binti yangu alinijia na kiazi cha moto akikirusharusha mkononi, midomo myeusi, masharubu ya chifu usoni. Mjomba wake alikuwa ameshamfundisha.

"Mathe, nani amekuruhusu kusimama huko?" alifoka. "Njoo hapa ukae!"

Nilimwinamia. "Nisamehe mkubwa."

Nikaketi karibu na majivu, moshi ukanipitia usoni, mweupe, chinichini. Moyo ulibweka mara mbili tatu. Ukanusa. Ukalala. Nikala kiazi na maganda yake.

Sasa pareto haionekani tena shambani petu, na mitungi ile ya bati imegeuka plastiki isiyolia. Mzee wa maziwa amezikwa huko juu. Shosho yuko hapa Nakuru, kwenye makaburi yenye vumbi asilolipenda. Mahali pa nyumba yetu kaka amepanda kabichi. Vitu vingi vya kushika vimekwisha, nami nisingeweza kukuonyesha hata jiwe moja la jikoni.

Jana usiku nililala moja kwa moja mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi binti yangu ameliulizia tena lile sweta, beseni mkononi. Nimemwambia aliache kidogo. Bado tunazoeana.