Mama Godwin na Mnara Uliomfungia Nje

Mama Godwin wa Mkunya hakuwa mtu wa kuacha kitu chake kwa fundi. Aliwahi kuacha simu Masasi asubuhi, akaichukua jioni ikiwa na betri iliyovimba kama andazi, wala si ile aliyokwenda nayo. Tangu hapo hata cherehani yake ikiharibika alimwita fundi nyumbani, akamkalia mbele na kuhesabu skrubu moja moja. Jina lake Bibiana, mjane, mikorosho yake arobaini anaipalilia mwenyewe, na mdomo wake, majirani walisema, ulizaliwa bila kifuniko.

Huyu ndiye aliyekabidhiwa redio ya Mkunya. Kikundi chao kilikuwa cha watu wa kujitolea, wenye leseni ya redio za ridhaa, na kazi yao kiangazi ni kuchungulia moto mashambani. Redio zenyewe ni za mkononi, nguvu hazina. Ila ukingoni mwa Newala kuna mnara wenye ripita, mashine inayodaka sauti dhaifu na kuirusha upya mpaka Masasi, mpaka Nanganga. Kila saa moja asubuhi Erasto, mwenyekiti, aliita vijiji kimoja kimoja. Mama Godwin alijibu kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku.

Mwezi wa nane Mahmudu wa bodaboda alimletea ujumbe kwamba redio zote zipelekwe Newala kwa Ashiru, fundi wa kikundi, zilale huko siku moja.

"Zilale? Zinaumwa?"

Mahmudu hakujua zaidi ya alichotumwa. Akaambiwa arudi alivyokuja. Betri ya Mama Godwin ilikuwa mpya. Ya Kibibi, jirani wa ng'ambo ya barabara aliyeshika redio ya akiba ya kijiji, ilikuwa ikifika saa sita imekata roho. Na Kibibi ni shemeji yake Ashiru. Hesabu hiyo haikuhitaji sekondari.

Juma lililofuata Erasto akaita, Mama Godwin akajibu, na Erasto akaita tena kama hajaambiwa kitu. Mkunya kimya, akasema, akapita. Kesho yake vilevile. Mama Godwin aliwasikia wote, safi kabisa. Alimsikia Kibibi akisema siku hizi mama wa watu analala mno. Aliwasikia wakicheka. Akabonyeza akawapa yao, maneno ya kumtoa nyoka pangoni, nao wakaendelea kucheka. Hapo akajua: amesusiwa. Wanataka achoke, aiachie redio, Kibibi aichukue na betri yake.

Siku ya tano aliona moshi shambani kwa mzee Bwanali. Aliita mpaka koo likakauka. Simu upande ule haishiki mtandao, akaishia kukimbia kwa miguu na tawi bichi mkononi. Walipouzima moto mikorosho kumi na miwili ilikuwa imekwenda, mingine ikiwa ya tangu enzi za baba yake Bwanali. Jioni ile ile redio ikasema Jumamosi kikao, redio ya Mkunya apewe mtu aliye macho.

Kesho yake akaifunga redio kwenye khanga, akapanda Newala. Ashiru alimwamkia, naye akaitikia marahaba ya upande wa mdomo, akauliza amelipwa nini kumziba.

"Mama, redio yako hukuileta," Ashiru akasema. "Sauti za ng'ambo ya Ruvuma zilikuwa zinatuingilia mnarani. Tukauwekea toni. Sasa kila redio, ukibonyeza useme, inatoa mvumo mdogo chini ya sauti yako. Sikio la mtu haliupati, mnara unaupata. Redio isiyo na mvumo ule ni mgeni asiyepiga hodi. Mlango haufunguliwi."

"Mbona mimi nawasikia?"

"Kusikia hakuna hodi. Mnara unamtangazia kila mtu. Kusema ndiko kunakozuiwa."

Mama Godwin hakuamini. Akamtaka aifanye pale pale kibarazani, asiingie nayo ndani. Ashiru akabonyeza mpaka namba kumi na tatu ya mipangilio, toni ya kusemea, akaweka themanini na nane nukta tano. Akaonya kwamba kumi na moja ni ya kusikilizia, ukiiweka humo peke yake hujafanya kitu. Mama Godwin akaandika kiganjani. Kisha akadai kuona redio ya Ashiru mwenyewe, asije akapewa namba ya kumpoteza. Ilikuwa ile ile. Akabonyeza, akaita.

Agatha wa Nanganga akadakia papo hapo. "Mkunya? Kumbe umefufuka?"

Mama Godwin akaketi. Ile mikorosho kumi na miwili ilimjia yote kwa mara moja.

Jumamosi, kwenye ghala la ushirika, ilikuwa rahisi kumtupia Ashiru lawama, kwani hakika alituma ujumbe nusu. Ashiru mwenyewe alikuwa ameinama akiisubiri. Mama Godwin akasimama, akasema redio aliizuia yeye, kwa kuwa alidhani watambadilishia betri.

"Watakubadilishia wampe nani?" Kibibi akauliza.

"Wakupe wewe."

"Yaani mimi mwizi?"

"Ndivyo nilivyowaza. Na wewe ulisema nalala mno, nikikusikia."

Kibibi akatazama pembeni. Erasto akakohoa, akamwomba mwenye hasara aseme. Mzee Bwanali akainuka.

"Miti yangu haitasimama kwa kumpa Kibibi redio," akasema. "Mwachieni huyu. Asiyemwamini mtu ndiye ninayetaka anitazamie moshi."

Mama Godwin akamwambia, "Nisamehe, baba," na hakuongeza jingine, jambo ambalo Mkunya walilizungumza kuliko moto wenyewe.

Jumatatu saa moja aliripoti moshi nyuma ya nyumba ya Kibibi. Kibibi akadakia kwamba ni sufuria ya muhogo. Erasto akamuuliza Mama Godwin kama ana hakika ni moto.

"Sina," akajibu. "Ndiyo maana nakwenda kuangalia."