Binti Yangu na Kamba za Sipi

Niliondoka nyumbani Kyebando na nia moja: kumrudisha Kampala binti yangu Akello. Nilikuwa nimeshamtafutia kazi ya ulinzi kwenye ofisi moja ya maana, tena yenye sare. Yeye alikuwa Sipi, huko mlima Elgon, akiwapandisha wageni miamba kwa kamba kando ya maporomoko. Mimi, sajenti mstaafu wa polisi, mtoto wangu aning'inie kama popo? Nikasema hapana, arudi.

Alfajiri basi likaondoka. Jinja tukavuka mto Nile, na hadi tunafika Mbale nilikuwa bado napanga maneno ya kumfokea.

Baada ya Mbale barabara ilianza kupanda, na baridi ikaniingia mpaka kwenye mifupa. Migomba na mibuni ilijaa mabondeni. Halafu nikayaona maji yakidondoka kutoka juu ya jabali, meupe, marefu, na maneno yangu yote yakapotea. Nchi yetu ni nzuri, jamani, nasi tumekaa tu Kampala tukigombana na foleni.

Asubuhi yake Akello alinipeleka mwambani. Vijana kadhaa walikuwa wakisubiri zamu, nami nikataka wajue mzee huyu ni nani. Nikavaa mikanda ya kupandia, nikajifunga kamba mwenyewe, kwa fundo letu la kufungia mizigo kwenye lori la polisi.

"Baba, fungua hilo fundo," Akello akasema.

Nikamwambia nimefunga mafundo tangu hajazaliwa. Hakupandisha sauti.

"Hapa hapandi mtu kabla mwenzake hajamkagua. Hata mimi. Fungua."

Vijana walikuwa wanatazama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na siku ile mkuu alikuwa binti yangu. Nikafungua. Akanifunga upya, akavuta kujaribu, kisha akataka nami nimkague mikanda yake. Nilimkagua kwa makini zaidi ya nilivyowahi kukagua bunduki yoyote.

Nikapanda. Manyunyu ya maporomoko yalinilowesha, na kila nilipoteleza kamba ilinidaka, maana chini aliyeishika ni yeye. Nilifika juu. Nilivimba kichwa, sikatai, lakini si kwa ajili yangu.

Ile habari ya ulinzi sikuitaja, na kesho yake nikarudi peke yangu. Nidhamu niliyohangaika kuwafundisha askari kwa kufoka, nimejifunza kwamba binti yangu anaifundisha kwa sauti ya chini, na watu wanatii.

Mama Akello alinipokea mlangoni, akatazama nyuma yangu, akauliza mtoto yuko wapi.

"Nimemwacha kazini," nikamjibu.