Taa Nyekundu ya Orysia

Dada yangu Orysia hajawahi kumsamehe mtu, na mimi simlaumu.

Hapa Zorya, mji wetu wa baridi kali, uwanja wa barafu tuliujenga wenyewe. Baba yetu alipigilia misumari ya paa. Mimi na Orysia, wasichana wadogo, tulivuta mapipa ya maji ya moto na kuyamwaga pale ndani, maana maji ya moto ndiyo yanayoganda laini. Kisha kila nyumba hupewa zamu yake ya kazi uwanjani. Mwenyekiti wa mji ndiye anayegawa, na asiyefanya zamu haingii.

Barafu iliposhika, Orysia akavaa viatu vya chuma vya kutelezea vya kaka yetu akaingia kucheza. Mwenyekiti alikuwa Lorne Haskett, kijana bado, kiti karithi kwa babake bila mtu kumpinga. Akamtoa kwa kumshika kola, mji mzima ukitazama.

"Unapenda sana mpira wa magongo, we msichana? Zamu yako hiyo, kakae nyuma ya wavu uwashe taa! Utauona kwa karibu."

Watu wakacheka. Na mimi niliona nani na nani walicheka, ninao wote kichwani.

Basi Orysia akakaa kwenye kile kibanda cha kioo mpaka nywele zikawa nyeupe. Kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa magongo kikivuka mstari wa goli, anawasha taa nyekundu. Wageni wakifunga, mwasha taa wa kwetu hupatwa na upofu kidogo, taa ikachelewa, refa akababaika. Kila mji hufanya hivyo, tusidanganyane. Orysia naye alifanya.

Mwaka mmoja mjukuu wake Tessa na wenzake waliomba kuchezea barafu, saa moja tu kila Jumamosi. Orysia akaenda mwenyewe kwa Lorne.

"Wasichana wakacheze na theluji huko nje," Lorne akamjibu. "Hujachoka tu, mama?"

Orysia alirudi nyumbani hakunywa hata chai.

Ikaja fainali, hapahapa kwetu. Dakika za mwisho tuko sare, golini yuko Dale, mtoto wa Lorne. Mgeni akapiga, Dale akaangukia kisahani akakifunika kwa glavu. Refa hakuona kama kimevuka mstari, akaangalia kibandani.

Taa ikawaka. Haikuchelewa hata kidogo.

Lorne akaja mbio, uso umemwiva. "Zima! Sema kidole kimeteleza!"

"Hakijateleza."

"Orysia, dada yangu, zima. Nitawapa wasichana Jumamosi yao."

Jumamosi ndiyo hiyo, mkononi! Orysia akamtazama kama anayetazama kopo tupu.

"Uliniweka hapa nione kwa karibu. Nimeona."

Dale naye akainua glavu. "Baba, kiliingia."

Kombe likaondoka na wageni. Watu wetu walimzomea dada yangu mpaka mlangoni, naye akatembea polepole ili wamzomee vizuri.

Baridi iliporudi ukaitishwa mkutano wa kuchagua mwenyekiti. Orysia akasimama kushindana na Lorne.

"Nani atamchagua aliyetunyima kombe?" Lorne akauliza, anacheka.

Hakujua kwamba nilikwisha kupita jikoni pa uwanja, ambako akina mama hufanya zamu za kuwapikia watazamaji. Niliwaambia: atakayemchagua Lorne atakaanga vitunguu vya mji mzima peke yake. Wakamnyooshea Orysia mikono wote. Wa kwanza kunyoosha, lakini, alikuwa Dale.

Orysia akagawa zamu palepale. Wasichana wakapata Jumamosi nzima. Kisha akamgeukia Lorne.

"Unapenda sana mpira wa magongo, we mzee? Kakae nyuma ya wavu uwashe taa."

Siku hiyo nilicheka mimi, peke yangu, kwa sauti.

Lorne yupo kibandani mpaka leo, kajifunika blanketi. Tessa akifunga, ni yeye anayewasha. Akichelewa, Orysia hugonga kioo kwa bakora yake.

"Umepofuka, Lorne? Washa!"

Naye huwasha.