Harufu ya Ndagala Darasani

Jumamosi hii shuleni kwa binti yangu, hapa Rumonge, kulikuwa na mkutano wa wazazi. Tuliofika tulikuwa wachache wa kutia huruma. Mama mmoja alichungulia mlangoni, akainusa kanga yake, akageuka akaenda zake. Alikuwa ametoka kuanika ndagala, dagaa wa ziwani kwetu. Basi, rafiki yangu, nikarudi utotoni papo hapo.

Mama yangu alikuwa mwanikaji. Mitumbwi ikiingia alfajiri tuliwatandaza ndagala mchangani, na jua likipanda tukawageuza. Mgeuzaji wake nilikuwa mimi, kwa hiyo darasani nilifika kengele imelia zamani, vidole vimejaa magamba. Mwalimu akaonya kwamba nikiendelea hivyo sitafanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Akamwita mzazi. Kwetu kuitwa shuleni ilikuwa aibu, akina mama wa ziwani hawakwenda, na bibi alishikilia kuwa mambo ya shule ni ya mwalimu.

Mama alikwenda, na kanga yake ya kazini, mawingu yameanza kutanda.

"Mwalimu, unisamehe, niko na harufu ya samaki," alisema. "Lakini mutoto ni wangu. Uniambie iko shida gani."

Mwalimu akamvutia kiti. Katikati ya mazungumzo mvua ikashuka. Mama alitazama dirishani, akajua samaki wake kule mchangani wanaharibika, na hakuinuka mpaka alipoelewa kila kitu. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Tangu hapo aligeuza ndagala peke yake. Jioni, akiwachambua, alitaka nimsomee kwa sauti. Yeye kusoma hakujua, lakini nikibabaika tu alisema, "Apo umekwama. Rudilia." Mtihani niliufanya, nikafaulu.

Leo mama hayupo. Hata mchanga ule haupo, ziwa limepanda likaumeza. Na sauti ya mtoto anayemsomea mzazi jioni siisikii tena uani kwa mtu. Tunamwachia mwalimu watoto kama tunavyoacha mikungu ya michikichi kwenye kinu, turudi baadaye kuchukua mafuta ya mawese. Mimi hilo silikubali.

Basi pale mkutanoni nikaomba ruhusa, nikatoka. Yule mama aliyechungulia mlangoni hakuwa amefika mbali.

"Dada, turudi," nikamwambia. "Iyo harufu ndiyo ilinisomesha."

Akanitazama, akacheka kidogo, akanifuata. Tulikaa benchi la mbele, na kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke, nikasikia harufu ya kwetu.