Mlango Aliofungiwa Mama Yake

Saa mbili na robo asubuhi, Verna Hruska analizunguka lori lake akiwa na rungu mkononi. Anagonga tairi, anatega sikio, anasogea, anagonga jingine. Tairi lenye upepo wa kutosha hulirudisha rungu juu. Lililopungua hulipokea kimya, na mkono unajua kabla ya sikio. Yapo kumi na manane, na hatakunywa kahawa mpaka yaishe.

"Hili la ndani ndilo jeuri," anasema, huku akilipiga mara mbili. "Kila wiki linataka kubembelezwa."

Upepo wa Wyoming unavuma kama kawaida yake, na madereva wengine katika kituo cha malori cha Antelope Draw, nje kidogo ya mji wa Rock Springs, wanapita wameshika kofia. Mmoja anamtania: "Mama Hruska, rungu hilo ni la matairi au la mume?"

"Mume wangu anapika chakula cha watoto mia tatu shuleni kila siku," anajibu bila kugeuka. "Rungu la nini tena? Keshapigika."

Verna ana miaka hamsini na saba, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia kwenye usukani. Analipwa senti sitini na mbili kwa maili, na wiki nzuri humpa maili elfu mbili na mia nne. Nyumba yao ya Sidney, Nebraska, imekwisha kulipiwa. Ukimuuliza kama maisha yamemtendea haki, anasema yamemtendea haki kuliko alivyostahili. Kisha anakuonyesha kifundo cha mkono wake wa kushoto, kilichopinda kidogo.

Lakini asubuhi hii hana raha kamili. Mistari minne ya malori kutoka hapo limeegeshwa lori jeupe lenye tela la maharage, na ndani yake yupo binti yake, Kaylin, mwenye miaka ishirini na mitatu. Wamesafiri pamoja wiki tano, mama akiwa mkufunzi na binti akiwa mwanafunzi. Jana waliongozana kutoka Gering, kila mmoja na lori lake. Leo njia zinaachana. Mama anakwenda Idaho, na maharage yanatakiwa Fresno, California.

Kilichobaki ni fomu ya mafunzo, iliyokunjwa katika mfuko wa koti la Verna. Ina mistari arobaini na moja. Kurudi nyuma, kufunga minyororo ya theluji, kuteremka milima na mzigo, yote amekwisha kuitia sahihi. Mstari wa mwisho uko mtupu: Je, anaweza kuachwa peke yake barabarani?

Mwenye kampuni, ambaye ana malori manane tu na hapendi longolongo, anataka picha ya fomu hiyo kabla ya saa sita mchana. Asipoipata, dereva mwingine aliyekwisha kufika Rock Springs atalichukua lori, na Kaylin atarudi Gering kupanga magunia ghalani hadi majira mengine.

"Ameniambia nikimrudisha ghalani hatanisamehe," Verna anasema. "Nami nikimwachia wakati hajawa tayari, sitajisamehe. Sasa chagua wewe."

Wasiwasi wake hauhusu uendeshaji. Kwa kuendesha, anakiri, binti amemshinda mama. Tatizo la Kaylin ni moyo mwema. Siku ya tatu ya mafunzo, mwanamume mmoja aligonga mlango wa lori na kusema tairi la nyuma limelala. Kabla Verna hajatoka kitandani nyuma ya viti, binti alikuwa chini, kavaa soksi tupu, simu kaiacha ndani na mlango kauacha wazi.

"Nikamwambia, umefanya nini? Ananijibu, 'Lakini mama, si kweli limelala? Njoo ulione!' Na kweli lilikuwa limelala. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Angekuwa mwongo, mtoto angejifunza kitu. Sasa amejifunza kwamba watu husema kweli."

Verna anajua anachokisema. Miaka kumi na mmoja iliyopita, huko New Mexico, naye aligongewa. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, watu tele. Kijana mmoja mwenye adabu zake alimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, taa yako ya breki ya kushoto imekufa."

Dereva wa masafa marefu unaweza kumtukana akakusamehe. Ukimwambia lori lake lina kasoro, hawezi kukaa. Verna alikuwa amezikagua taa zile mwenyewe asubuhi hiyo, na kuzifuta kwa kitambaa. Alishuka kwa hasira, mikono mitupu.

"Nilijua inawaka," anasema. "Ninakuambia nilijua! Nilishuka ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Kiburi tu."

Walikuwa wawili. Mmoja alimsukuma akaangukia mkono ukavunjika, mwingine akapanda ndani kuchukua pochi na simu. Kilichowafukuza ni honi. Dereva wa lori la jirani aliona kila kitu kwenye kioo chake, akalalia honi mpaka kituo kizima kikatoka nje. Jina lake ni Virgil Ostendorf. Tangu siku hiyo wamekuwa ndugu, ingawa Virgil amestaafu na anaishi hapa Rock Springs na paka wake.

"Taa ilikuwa inawaka," Virgil anaongeza kutoka meza ya pili, maana wakati huu tumekwisha ingia mkahawani. "Niliitazama. Inawaka vizuri kabisa."

"Nyamaza, mzee."

Tangu hapo Verna ana taratibu zake, na hana masihara nazo. Akilala, huupitisha mkanda wa kiti kwenye kishikio cha mlango na kuufunga, ili hata kitasa kikivunjwa mlango usifunguke. Hatamki mbele ya mtu amebeba nini. Akishapakia hasimami mpaka maili mia mbili ziishe, kwa sababu wezi wa mizigo hufuata malori kutoka ghalani wakingoja yasimame. Kwenye ngazi ya lori huweka viatu vya mwanamume, vikubwa kama mitumbwi, alivyonunua mnadani. Miguu ya mume wake, anasema, ni ya mtoto. Kando ya viatu kuna bakuli la mbwa lililoandikwa Brutus.

Mbwa hayupo. Hajawahi kuwepo. "Mtu aliwahi kuniibia bakuli," anasema, bado akishangaa. "Ikabidi ninunue jingine."

Na rungu je? Madereva wengi wanapomwona nalo hudhani ndilo ngao yake. Yeye hucheka. "Silaha yangu ya kwanza ni kioo cha pembeni. Ya pili honi. Ya tatu miguu yangu, nikimbilie kwenye watu. Nikifika kwenye rungu, jua nimekwisha kosea mara tatu."

Haya yote Kaylin ameyasikia mpaka anayakariri kwa kuyakejeli. Kusikia ni jambo moja, kutenda ni jingine. Ndiyo maana saa nne na dakika kumi Verna anamwinamia Virgil, ambaye Kaylin hajawahi kumwona kwa macho, na kumwambia, "Haya, nenda. Mwambie tairi la nyuma kushoto. Na uwe mpole."

"Mimi ni mpole siku zote."

"Uwe mpole kuliko hapo."

Virgil anavaa kofia, anatoka. Kupitia kioo cha mkahawa tunamwona akivuka uwanja taratibu, upepo ukimpeperusha koti. Verna ameshika kikombe ambacho hanywi. Anasema kwa sauti ya chini, "Usishuke, mwanangu. Usishuke, usishuke."

Virgil anagonga mlango wa lori jeupe. Anaonyesha kwa mkono kule nyuma. Kioo kinashuka upana wa kidole, basi. Yanasemwa maneno machache. Kisha taa za tahadhari zinawaka na lori linaondoka, mwendo wa mtu anayetembea, likimwacha Virgil amesimama peke yake uwanjani.

Verna ananyanyuka. Lori linapita safu ya kwanza, ya pili, linakwenda kusimama kando ya pampu za mafuta, walipo watu sita au saba. Linatulia. Kaylin anatazama kioo cha kulia, halafu cha kushoto. Mlango unafunguka. Anashuka amevaa buti, simu imechomoza mfukoni, rungu mkononi, na anafunga mlango kwa ufunguo kabla ya kulitazama tairi lolote.

Haendi moja kwa moja kwenye lililotajwa. Anaanza la mbele kulia, anazunguka, anagonga yote kumi na manane. Lililosemwa lina upepo tele. Kaylin analipiga mara ya pili kuhakikisha, anageuza shingo kumtafuta yule mzee, na ananyoosha rungu kuelekea alikokuwa amesimama, kwa hasira ya dhahiri. Kisha anapanda na kujifungia.

"Aliniambia asante," Virgil anaripoti akirudi, anahema. "Akaniambia, 'Nimesikia, mzee, sasa sogea naondoa lori.' Nikamwambia binti, utaliharibu tairi. Akanijibu, 'Tairi linanunuliwa.'"

Verna anakaa. Anafuta macho kwa leso ya karatasi ya mkahawa, waziwazi, mbele ya watu. "Tairi linanunuliwa," anarudia. "Hilo sikumfundisha mimi. Hilo ni lake mwenyewe."

Halafu anakuwa na haraka. Anachukua mfuko wa kolache za plamu, vile vitafunwa vitamu alivyooka mume wake kwa ajili ya safari hii, anatoka bila koti, anarudi kulichukua kwa kuwa fomu imo ndani, anatoka tena, karibu anakimbia. Anafika, anagonga mlango kwa kiganja.

"Kaylin! Fungua, ni mimi!"

Kioo kinashuka upana wa kidole. "Mimi nani?"

"Acha zako. Mama yako."

"Mama yangu ana neno la siri."

Ni kweli. Verna ndiye aliyelitunga, wiki ya pili, kwa ajili ya siku ambayo mtu atasema ametumwa na mama, au mama mwenyewe atagonga huku nyuma yake amesimama mtu asiyetakiwa. Amelirudia kila jioni kwa wiki tatu. Sasa anafumbua mdomo, na hakuna kitu.

"Brutus?" anajaribu.

"Huyo ni mbwa tusiye naye."

"Kaylin, upepo unanipiga."

"Pole sana, mama. Sheria si zangu."

Verna anacheka mpaka anajishika ubavu. Anaitandaza fomu juu ya bodi ya lori, anaishikilia isipeperuke, na kwenye mstari wa arobaini na moja anaandika ndiyo, kwa herufi kubwa kuliko nafasi iliyopo, na kutia sahihi. Anaikunja mara mbili na kuipenyeza kwenye ule upenyo wa kidole. Vidole vya ndani vinaivuta polepole.

"Mama," sauti inasema, safari hii ikiwa nyembamba. "Umetia sahihi."

"Si unaona mwenyewe? Ipige picha umtumie bosi."

"Na mfuko huo una nini?"

"Kolache. Hazipiti hapo."

"Basi ziweke kwenye ngazi, urudi nyuma hatua kumi."

Verna anatii. Anauweka mfuko kando ya viatu vikubwa, maana Kaylin naye anavyo vyake, na anahesabu hatua kwa sauti. Kwenye ya saba anasimama, anajipiga paji la uso na kupaza sauti mpaka watu wa pampu wanageuka wote:

"Ludmila! Ng'ombe wa bibi! Ludmila!"

Mlango unafunguka pale pale. Kaylin anaruka chini na kumkumbatia mama yake kwa nguvu, na kofia ya mmoja wao inachukuliwa na upepo bila mtu kuifuata.

"Sasa kituo kizima kinalijua," Kaylin anamwambia begani. "Inabidi tupate jingine."

Oktoba, mavuno ya viazisukari yakianza Nebraska, mama na binti wamepanga kuomba njia moja ili wafanye kazi wakifuatana, na siku za Jumapili wale nyumbani. Verna anataka miaka mitano zaidi barabarani, ikiwezekana minne iwe na Kaylin katika kioo chake cha pembeni. Baada ya hapo atampa rungu lake, lile lenye mpini uliolainika kwa mkono wake mwenyewe.

Saa tano na nusu lori jeupe linaingia barabara kuu kuelekea magharibi. Neno jipya wamenong'onezana masikioni kabla ya kuachana. Mwandishi wa makala haya alipouliza kama anaweza kulisikia, angalau nusu yake, Verna alimtazama kwa upole na kurudi nyuma hatua mbili.